Tawakali ya Alalaye Chomboni

Mwanadamu huyatenda makubwa yake aghalabu akiwa macho, lakini moja katika makubwa hayo hulitenda kwa kufumba macho tu, nalo ni kulala mahali ambapo uhai wake umo mikononi mwa watu asiowajua. Alalaye nyumbani mwake amelitia komeo mwenyewe, anaijua dari iliyo juu yake na jirani aliye nyuma ya ukuta, na likimfika la kumfika atajua kwa uchache ni mlango gani aliousahau. Ama alalaye chomboni usiku, juu ya kina asichokipima, akiongozwa na nahodha ambaye hakupata kumwona uso, huyo hana komeo wala ukuta. Amejitoa mzima, roho yake na mali yake, akawaachia wengine waitunze amana hiyo hadi alfajiri. Waumini hulipa jambo hili jina la heshima, wakasema kuwa mtu huyo ametawakali kwa Mungu. Katika makala haya nataka kuuliza kama jina hilo linamstahiki kila alalaye, au kama mara nyingi hufunika jambo jingine lisilostahili heshima hiyo. Na ili swali lisibaki bila makao, nitaliweka mahali pamoja panapojulikana, yaani katika meli za Kigiriki zichukuazo watu na magari usiku kucha kati ya Piraeus, bandari ya mji wa Athens, na kisiwa cha Krete.

Njia hiyo ni ya maili za bahari zipatazo 175 kwa mtu aendaye bandari ya Heraklion, na meli aghalabu huondoka mnamo saa tatu za usiku ikafika kunako mapambazuko. Kabla ya kuondoka, mlango mkubwa wa shetri hulazwa juu ya gati ukawa daraja, na malori huanza kuingia, mengi yao kwa kurudi nyuma, huku baharia mmoja akipuliza kipenga na kupunga mikono, akimlekeza dereva shubiri kwa shubiri hata lori likakaa ubavuni mwa jingine pasibaki nafasi ya mtu mnene kupita. Yamo malori ya mboga na matunda, ya saruji, ya samani, na yale yenye majokofu, ambayo huungwa kwa waya na umeme wa meli ili shehena yake isiharibike njiani. Magari madogo hufuata, yamebeba familia na mizigo yao. Kisha kila mwenye gari huvuta breki, hufunga mlango, hupanda ngazi, na sitaha ya magari hufungwa nyuma yake. Tangu saa hiyo hawezi tena kuifikia mali yake mpaka nchi kavu.

Huko juu watu hujipanga kwa kadiri ya mifuko yao. Wenye uwezo wana vyumba vyenye vitanda na maji ya kuoga. Walio chini yao wana viti vya kuegemea. Na wengine, wanafunzi na askari vijana na wanavijiji wanaotoka kuwatazama wagonjwa wao katika hospitali za mji, hutandika mablanketi chini ya ngazi na katika njia za ndani. Madereva wa malori hukaa kidogo mezani wakinywa kahawa na kucheza tavli, mchezo wao wa dadu na kete, wakibishana kwa sauti. Kisha nao huondoka mmoja mmoja. Taa za Attica, jimbo la Athens, zinapokuwa zimezama nyuma, karibu watu wote wamelala. Darajani yumo ofisa wa zamu pamoja na mwangalizi wake, mbele ya rada na ramani, wakibadilishana na wenzao kila baada ya saa nne. Chini, penye mitambo, wako wahandisi wachache. Na baharia mmoja huzunguka akinusa kama pana moshi. Wakati mwingine abiria wapindukiao 1,000 wamelala kwa sababu watu wachache, wawezao kuhesabiwa kwa vidole vya mikono, wako macho.

Wazee walisema kuwa usingizi ni ndugu wa mauti, na dini hazikuwa mbali na neno hilo. Muislamu afundishwa kuwa Mungu huzichukua nafsi za watu wakati wa kulala, akazizuia zile alizozikidhia mauti na kuzirejesha nyingine mpaka muda wake. Ndiyo maana husoma kabla ya kulala, akimkabidhi Mola kile ambacho hana hakika ya kukiona tena asubuhi. Wafuasi wa Musa na wa Isa nao wanayo maombi yao ya jioni, na wote watatu wamekubaliana kwamba sifa ya kutosinzia ni ya Mungu peke yake. Basi alalaye chomboni hukabidhi mara mbili kwa tendo moja: hukabidhi nafsi yake kwa Mungu, na hukabidhi kiwiliwili chake kwa watu. Makabidhiano haya mawili yana sheria mbalimbali, na mwenye kuyachanganya hukosa adabu kwa Mungu na haki kwa watu. Naona kuwa sehemu kubwa ya maneno yanayosemwa juu ya ajali za baharini, ya kumlaumu Mungu na ya kumtetea, hutoka katika mchanganyiko huo.

Tukitazama kwa makini tutaona kuwa kuna usingizi wa namna tatu. Wa kwanza ni wa mtu aliyeghurika, ambaye hulala kwa sababu hadhani kuwa kuna hatari. Kwake bahari ni barabara na meli ni nyumba ya wageni. Wa pili ni wa mtu wa mazoea, ambaye alikuwa na hofu mara ya kwanza, lakini kwa kuwa amekwenda na kurudi salama mara nyingi, ameacha kufikiri, na salama ya jana ameifanya dhamana ya leo. Wa tatu ni wa mtu ajuaye kuwa bahari haina ahadi, ambaye ametenda lililo katika uwezo wake, akawauliza na wenzake kama wametenda lililo katika uwezo wao, ndipo akaliacha lililobaki kwa Yule asiyelala. Kwa nje watu hawa hawana tofauti: wote watatu hukoroma. Tofauti yao imo katika yale yaliyotangulia usingizi, wala tawakali haiwezi kupimwa kwa utulivu wa mtu, kwa kuwa hata mjinga ni mtulivu.

Ulamaa wa Kiislamu walilijadili jambo hili zamani. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alifafanua kuwa tawakali ni hali ya moyo, wala haimtaki mtu aziache sababu ambazo Mungu amezipanga. Na mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula akakataa kunyosha mkono, akidai kuwa anamtegemea Mungu, alimhesabu kuwa ni mwenda wazimu wala si mcha Mungu. Kabla yake imepokewa habari ya yule mtu aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga akatawakali, au amfunge kisha atawakali. Akajibiwa kuwa amfunge, na atawakali. Habari hii husomwa sana misikitini, na husikilizwa kwa kutabasamu, kwa kuwa wengi wetu hatuna ngamia. Lakini katika sitaha ya magari ya meli ya Kigiriki maana yake ni bayana kama mchana.

Sakafu ya sitaha hiyo ina matundu ya chuma yaliyopangwa kwa safu, na usiku wa upepo mabaharia huinama kati ya magurudumu wakayafunga malori kwa minyororo, ncha moja katika tundu na ncha ya pili katika fremu ya lori, kisha wakaikaza mpaka inalia. Lori lenye shehena lina uzito wa tani kwa makumi. Likiwa limefungwa ni sehemu ya meli. Likifunguka, wakati meli inalala upande huu na kuinukia upande ule, huwa nyundo iliyofungiwa ndani ya nyumba. Na nyumba yenyewe ina udhaifu wake. Meli ya shehena ya desturi ina kuta ndani ya ngama, zikiigawa vyumba vyumba, na maji yakiingia chumba kimoja huzuiliwa humo. Sitaha ya magari haina budi kuwa uwanja mmoja mtupu toka omo hata shetri, maana gari haliwezi kupita kwenye ukuta; na maji yakiingia katika uwanja huo hayatulii, bali meli ikiinama kidogo hukimbilia yote upande ulioinama, yakaongeza uzito pale pale ambapo hautakiwi, hata meli ikashindwa kujiinua. Kwa hiyo mnyororo wa lori na kufuli la mlango ni vitu vidogo kwa kuvitazama, lakini ndivyo vinavyotenga usingizi na mauti.

Mwezi wa Desemba mwaka 1966 neno hili lilithibitika kwa namna iliyo chungu mno. Meli iliyoitwa Heraklion, mali ya kampuni ya ndugu Typaldos, iliondoka Souda, bandari ya mji wa Chania huko Krete, jioni ya tarehe 7, kwenda Piraeus. Haikuzaliwa kuwa meli ya magari: ilijengwa Glasgow mwaka 1949 kwa kazi nyingine na jina jingine, ikabadilishwa mwaka 1964, ikatobolewa milango ubavuni ili magari yapite. Usiku huo bahari ilichafuka vibaya. Ndani yake mlikuwa na lori la jokofu lililobeba machungwa, na lori hilo likafunguka, likawa likipiga huku na huku kwa kila wimbi, hata likaubomoa mlango wa ubavuni. Maji yakaingia, na baada ya saa nane za usiku, karibu na kisiwa kidogo cha Falkonera, meli ikazama kwa muda mfupi sana. Watu zaidi ya 200 walikufa; waliookolewa hawakufika 50. Uchunguzi ulionyesha kuwa mabaharia hawakufanyishwa mazoezi ya kuiacha meli na kwamba hapakuwa na mpango wa kuwaokoa abiria, na wakuu wa kampuni walitiwa hatiani mahakamani.

Sasa mtu wa imani na azingatie tarehe. Mlinzi wa mabaharia kwa Wakristo wa Kiorthodoksi ni Mtakatifu Nikolaos, aliyekuwa askofu wa Myra, na sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Picha yake hutundikwa katika meli nyingi za Kigiriki, aghalabu darajani, mahali ambapo mwenye zamu humtazama na kufanya ishara ya msalaba. Heraklion ilizama siku mbili tu baada ya sikukuu hiyo, wakati ubani wa makanisa ya bandarini ulikuwa bado haujaisha harufu. Je, tuseme kuwa dua zilikuwa bure? Asiyeamini atasema hivyo na kuridhika. Aaminiye dhaifu atanyamaza kwa fadhaa, au atakimbilia lile neno letu la kale kuwa liandikwalo ndilo liwalo, afunge mlango wa fikira. Mimi naona kuwa wote wawili wameuliza swali lisilokuwa mahali pake. Dua ilipelekwa kwa Mungu. Kazi ya mnyororo ilipelekwa kwa mtu. Ile ya pili ilipokosa kutendwa, hakuna haki ya kumdai jibu Yule wa kwanza.

Najua atakayenipinga atasema: ikiwa kila kitu kimekadiriwa, basi hata kulegea kwa mnyororo kumekadiriwa, na yule aliyeusahau alikuwa akitimiza maandishi. Hoja hii ina uzito, wala haifai kujibiwa kwa dharau, kwa sababu imewahangaisha watu wenye akili kuliko sisi. Lakini tutazame yanayojulikana na yasiyojulikana. Yaliyoandikwa katika Lauhi Mahfudhi, ubao wa kadari uliohifadhiwa kwa Mungu, hayajulikani kwa baharia wala kwa mwenye meli. Amri ya kufunga lori inajulikana kwa wote wawili. Mtu hataulizwa kwa nini hakuyasoma maandishi yaliyofichwa. Ataulizwa kwa nini hakuitii amri iliyo mbele ya macho yake. Akijificha nyuma ya kadari baada ya msiba, amedai kuijua siri ambayo kabla ya msiba hakuijua, na amemgeuza Mungu kuwa shahidi wa kumwondolea hatia. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuwa kuna tauni, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kufunga mnyororo nako ni kadari, na asiyeufunga amechagua kadari nyingine kwa mkono wake.

Bahari hiyo hiyo ya Krete inayo hadithi ya kale zaidi, ambayo kwa maoni yangu huumaliza ubishi huu vizuri kuliko vitabu vingi vya ilimu ya tauhidi. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza jinsi Paulo, akiwa mfungwa apelekwaye Roma, alivyofika mahali paitwapo Bandari Nzuri, upande wa kusini wa Krete, wakati ambapo majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha pita. Alionya kuwa safari ina hatari, lakini akida aliyemlinda aliwasadiki nahodha na mwenye meli kuliko yeye. Wakatoka, tufani ikawakumba, ikawachukua siku nyingi bila ya jua wala nyota. Katikati ya shida hiyo Paulo aliota au aliona malaika aliyemwahidi kuwa hakuna nafsi hata moja itakayopotea kati ya watu 276 waliokuwamo. Basi ahadi ya Mungu ilikuwa imekwisha tolewa, na hapana ahadi iliyo kubwa kuliko hiyo. Lakini usiku mmoja baada ya hapo, mabaharia walipokuwa wakishusha mashua kwa hila, wakisingizia kuwa wanakwenda kutia nanga za omo, ilhali nia yao ni kutoroka, Paulo hakukaa kimya akiitegemea ahadi. Alimwambia akida kuwa watu wale wasipobaki katika meli, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba za mashua, ikaanguka baharini. Meli iliangamia huko Malta, watu wakatoka wote.

Hapa tawakali imeonekana katika ukamilifu wake. Mtu mmoja, katika usiku mmoja, ana yakini kuwa wote wataokoka, na ana yakini kuwa hawataokoka iwapo wenye kazi wataiacha kazi, wala yakini hizi mbili hazikugombana moyoni mwake. Alifahamu kuwa Mungu alipoahidi uokovu aliahidi pamoja na njia zake, na miongoni mwa njia hizo ni mikono ya mabaharia. Mwenye kuipokea ahadi na kuziacha njia amepokea nusu ya neno, na nusu ya neno la Mungu yaweza kumzamisha mtu kama vile uwongo.

Watu wa Krete walilifahamu somo hili kwa machozi yao. Baada ya Heraklion wangaliweza kujenga kanisa la kumbukumbu na kungoja meli nyingine ya tajiri mwingine. Badala yake mwaka 1967 waliunda kampuni yao wenyewe ya meli, ANEK, wakiuziana hisa wao kwa wao, wenye duka na wenye mizeituni, ili chombo kiwachukuacho kiwe dhima yao wenyewe. Miongoni mwa waliowaongoza katika jambo hilo alikuwamo Irineos Galanakis, askofu wa Kissamos na Selino. Napenda sana habari ya askofu huyu, kwa kuwa ni jambo la nadra kumwona mtu wa dini, ambaye kazi yake mbele ya msiba ilidhaniwa kuwa ni kuzika na kufariji, akiona kuwa ibada inayofuata baada ya mazishi ni kununua meli. Hakuna aliyemwona kuwa amepunguza imani kwa kufanya hivyo. Kampuni ile ikakua ikawa moja katika kampuni kubwa za nchi hiyo, ikaendelea kwa zaidi ya nusu karne mpaka ilipounganishwa na nyingine. Lakini jambo lililo kubwa kwangu ni lile la mwanzo, kuwa kundi la waumini lilipoulizwa Mungu alikuwa wapi usiku ule, lilijibu kwa kujiuliza lenyewe lilikuwa wapi.

Wala isidhaniwe kuwa kwa hayo bahari ya Wagiriki ilisalimika milele. Mwezi wa Septemba mwaka 2000 meli Express Samina iligonga majabali ya Portes karibu na kisiwa cha Paros, majabali yanayojulikana na yenye taa, na milango mingi ya chini ambayo ingeyazuia maji ilikutwa iko wazi. Watu wapatao 80 walikufa. Kila msiba wa namna hii, huko Ugiriki na kwingineko, umezaa kanuni: taa darajani zinazoonyesha kuwa mlango umefungwa au haukufungwa, hesabu ya abiria kwa majina, mazoezi ya kuiacha meli, kitabu cha kuandika nani amekagua nini na saa ngapi. Wako wanaoziona kanuni hizi kuwa udhia wa makarani. Mimi naziona kuwa ni wasia wa waliokufa, na ofisa anayetia saini katika kitabu hicho bila ya kwenda kuutazama mlango amedhulumu wasia huo kama mlezi alaye mali ya yatima.

Jambo hili lina njia ya kweli ya kutufikia sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika mwaka ule ule wa 1967, Wakrete walipokuwa wakiunda kampuni yao, ilijengwa Ugiriki meli iliyoitwa Marianna. Baadaye ikaitwa Apostolos P, na mwisho, ilipouzwa mbali na kwao, ikaitwa Spice Islander I. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, katika siku zilizofuata Idi, ilikuwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi kilichoruhusiwa, ikapinduka upande wa Nungwi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, mbali na wale wengi ambao bahari haikuwarudisha kwa jamaa zao. Wengi walikuwa wamelala, mama na watoto wao, na hapana shaka kuwa wengi walikuwa wamesoma dua ya safari. Katika matanga ya siku zile neno lililosikika sana ni kuwa ajali haina kinga.

Siwalaumu waliofiwa kwa kulitamka. Kwao lilikuwa dawa ya kilio, na katika kilio mtu ana haki ya kushika kilicho karibu. Lakini neno la faraja likihamishwa kutoka matangani likapelekwa ofisini, likasemwa na mwenye chombo, au na mwenye kutoa hati ya chombo, hugeuka likawa kashfa juu ya Mungu. Ajali isiyo na kinga ipo: ni ile iliyokuja baada ya kinga zote kuwekwa. Ile iliyokuja kwa sababu abiria walizidi idadi, au mlango haukufungwa, ina jina jingine katika sheria na katika dini, nalo ni taksiri. Na taksiri ina mwenyewe. Wahenga hao hao waliotuachia neno la ajali walituachia pia kuwa tahadhari huwa kabla ya hatari, lakini neno hili la pili halina waombolezaji wa kulikumbusha, kwa kuwa wakati wake hupita kabla ya matanga.

Abiria naye hana ruhusa ya kujiona maasumu. Katika meli za magari pana amri kuwa mtu asibaki ndani ya gari lake wakati wa safari, na wako madereva wa malori wenye kuivunja kwa kupenda kitanda chao wenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 2022 meli ya kampuni ya Kiitalia, iliyotoka Igoumenitsa huko Ugiriki kwenda Brindisi, ilishika moto katika sitaha ya magari, na miili ya madereva ikakutwa ndani ya malori. Haki inataka tuseme pia kwamba madereva walilalamika kuwa vyumba vya kulala vilisongamana. Kwa hiyo hata kosa la alalaye huenda likawa na mshirika aliye macho. Hata hivyo kila apandaye ana sehemu yake iliyo ndogo na iliyo wazi: ajue ngazi ya kutokea iko wapi kabla ya kulala, asikilize tangazo badala ya kulicheka, asipande chombo ambacho macho yake yamekwisha mwambia kuwa kimejaa. Aonaye chombo kimezidi akapanda kwa kuwa ana haraka, kisha akasema bismillahi, amelitaja jina la Mungu juu ya jambo ambalo Mungu amemkataza.

Limebaki neno moja juu ya wale walio macho. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Gorgias, anamwonyesha Socrates akimtafakari nahodha awaletaye watu salama kutoka kisiwa cha Aegina kwa oboli mbili tu, au kutoka Misri na Bahari Nyeusi, pamoja na watoto na mali zao, kwa drakma mbili. Naye akiisha kuwashusha bandarini, hutembea kando ya chombo chake bila ya makuu. Hajivuni, asema Socrates, kwa kuwa hajui ni nani amemnufaisha na nani amemdhuru kwa kutomwacha azame: mtu mwenye nafsi iliyooza hakupata faida kwa kuongezewa siku. Huyu nahodha asiye na majivuno ndiye ninayemtaka darajani kila mara nilalapo. Anajua mpaka wa kazi yake. Amepewa viwiliwili avilinde mpaka gatini. Nafsi hakupewa, na watakayoyatenda watu asubuhi, wema au uovu, ni hesabu yao wenyewe. Abiria amwombaye nahodha zaidi ya hayo amemfanya mungu, na nahodha atoaye pungufu ya hayo kisha akamsukumia Mungu upungufu wake amejifanya yeye kuwa mungu, kwa kuwa ameamua nani aishi na nani afe.

Basi hukumu yangu katika swali tulilolianza ni hii. Kulala chomboni ni tawakali kwa mtu ambaye yeye na waliokabidhiwa wametenda wajibu wao. Ni msiba kwa aliyetenda wajibu wake akasalitiwa na walio macho, na huyo ana madai mbele ya watu na mbele ya Mungu. Na ni mghafala kwa asiyejali. Dini haikuja kutupa njia fupi ya kuruka kazi ya mabaharia. Ilikuja kuifanya kazi hiyo kuwa ibada, hata yule aliyeinama kati ya magurudumu, mikono imejaa grisi, akikaza mnyororo ambao hakuna abiria atakayeuona, awe anaomba kwa chuma kama vile askofu aombavyo kwa ubani. Na yeyote mwenye mamlaka atakayesimama tena juu ya kaburi la pamoja, akatuambia kwa sauti ya upole kuwa ajali haina kinga, aulizwe kwanza, kwa heshima zote, mlango uliachwaje wazi, na mnyororo ulikuwa wapi.